Mwenye Shamba na Mwenye Minazi

Leo tutajifunza neno moja la sheria, nalo ni dai.

Yamkini mmesikia watu wa pwani ya Kenya wakisema, "Shamba ni la fulani, lakini minazi ni ya mwingine." Huo si mzaha. Kwa desturi ya pwani mtu aliweza kumiliki mti asimiliki ardhi. Mjini Mombasa mpaka leo mtu huweza kuuza nyumba yake, na kiwanja kikabaki cha mwenyewe, anayelipwa kodi.

Waingereza walipoanza kutawala mwaka 1895, ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wengine waliokuwa na mashamba humo walikuwa na hati zilizoandikwa mbele ya kadhi. Wengine, na hasa Wamijikenda wengi, hawakuwa na karatasi yo yote. Mipaka yao ilijulikana kwa wazee.

Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye ardhi, nyumba au minazi aliagizwa kupeleka dai lake kwa ofisa wa Serikali. Hapa dai si ugomvi. Ni kusema mbele ya ofisa, "Kitu hiki ni changu, na ushahidi wangu ni huu." Aliyekubaliwa alipewa hati. Mwenye minazi tu naye alipewa hati yake, mbali na ile ya ardhi. Na hapo, kwa kweli, sheria iliijali desturi.

Lakini ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali, hata kama palikuwa na watu wakilima. Je, mkulima asiyejua kusoma, aliye mbali na ofisi, angelijuaje tangazo hilo? Wengi hawakwenda. Basi wakawa wageni katika mashamba ya baba zao, wakaitwa maskwota.

Oktoba 1963, ilipokubaliwa ukanda ule uunganishwe na Kenya, ilikubaliwa pia kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa. Kwa hiyo aliyenunua ardhi kwa mwenye hati alikuwa na nguvu mbele ya sheria, na mkulima aliyemkuta hapo hakuwa na cha kuonyesha ila miti yake.

Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012. Kesi za mashamba hayo bado zinasikilizwa.