Ng'ombe wa Guadeloupe na Figo Mpya

Kwa nini mtu ambaye figo yake ya kupandikizwa inafanya kazi vizuri tu aje kuumwa ubongo? Jibu moja, amini usiamini, linaanzia kwa ng'ombe.

Mwaka 1888 daktari wa mifugo Mfaransa, Edmond Nocard, alichunguza ng'ombe wa kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, waliokuwa na majipu. Akakuta bakteria wenye umbo la nyuzi zenye matawi. Mwaka uliofuata wakapewa jina lake: nokadia. Mwaka 1890 Hans Eppinger, wa Austria, akaeleza habari za mgonjwa mwenye majipu ya ubongo yaliyotokana na bakteria wa namna hiyo. Ugonjwa akauita kifua kikuu cha uongo.

Nokadia huishi udongoni. Tunavuta vumbi lake, kinga ya mwili inammaliza, basi. Hata figo ya kwanza iliyofanikiwa, Boston, Desemba 1954, haikubadilisha kitu: aliyetoa na aliyepokea walikuwa mapacha wa kufanana, mwili haukuona mgeni. Mambo yaligeuka miaka ya 1960, zilipoanza kutumika dawa za kutuliza kinga, kama azathioprini, ili figo ya mtu baki ikubalike. Kumbe mlinzi aliyelazwa ili mgeni apite ndiye aliyekuwa anamzuia mwizi! Nokadia akaingia mapafuni, akapita kwenye damu, akatua ubongoni.

Na lile jina la Eppinger bado linatuhusu. Kwenye darubini nokadia anaweza kudhaniwa TB, na kwenye picha ya kichwa jipu lake linaweza kufanana na saratani. Sasa mzee aliyezaliwa Tanga au Mombasa akikohoa hospitali ya Uingereza, TB huwaza kila mtu. Sawa, apimwe. Lakini wewe unayemtafsiria, taja yote: amepandikizwa lini, anameza dawa gani, kama analima bustani, kama kichwa kinamuuma, anachanganyikiwa, au mkono mmoja umelegea.

Maana dawa ipo. Salfa zimetumika tangu miaka ya 1940, na Septrin, ile ile wanayoijua bibi zetu, ina salfa ndani yake. Ila jipu la ubongo mara nyingi hutaka matibabu ya mwaka mzima, na mwaka huo hauanzi mpaka ugonjwa upate jina lake la kweli.