Kiswahili cha Maaskari: Kutoka Burma hata Kagera

Kituntu, katika nchi ya Karagwe, iko mbali na pwani, na lugha ya nyumbani huko si Kiswahili bali ni Kinyambo. Lugha hiyo ni jamaa ya karibu ya Kihaya, na vile vile ya Kinyankore kisemwacho upande wa Uganda, hata Mnyambo na Mnyankore waweza kusikilizana pasipo mkalimani. Walakini jeshi la Waingereza halikujengwa juu ya udugu huo. Liliwapa watu wa nchi hizi zote lugha nyingine ya amri, nayo ikavuka bahari pamoja nao, ikarudi, na miaka mingi baadaye ikasikika katika pande zote mbili za vita vya Kagera.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo raia waliliita Keya, liliundwa mwaka wa 1902. Kiswahili chake, yaani Kikeya, kilipunguza ngeli na viambishi, na wasanifishaji waliokusanyika katika Kamati ya Lugha tangu 1930 hawakukipenda. Hata hivyo msamiati wake una historia ndefu. Afande, shaushi na ombasha ni maneno ya Kituruki yaliyopitia majeshi ya Misri na Sudani. Singe lilitoka Bara Hindi.

Mwaka wa 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa Ceylon, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Njia ya bahari ilikuwa na hatari zake. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu wapatao 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Katikati ya mwaka huo divisheni iliingia Burma, katika Jeshi la 14 la Jenerali Slim, ambamo Waingereza, Wahindi, Wagurkha na Waafrika walipigana bega kwa bega. Katika mvua kubwa na matope iliteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu, na mwezi wa Desemba ikaushika mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Katika Brigedi yake ya 26 mlikuwa na batalioni ya 22 ya Nyasaland, ya 36 ya Tanganyika na ya 44 ya Uganda.

Basi watu wa Tanganyika na wa Uganda walikuwa upande mmoja, chini ya amri za lugha moja. Waliporudi, lugha hiyo ilipokewa kwa namna mbili. Tanganyika ilikuwa na Kiswahili cha shule, cha magazeti, na tangu 1954 cha mikutano ya TANU. Kikeya kilikuwa tawi dogo tu la mti mkubwa. Uganda haikuwa na mti huo. Kabaka Daudi Chwa alikwisha kukipinga Kiswahili mwaka wa 1929, na raia wengi walikisikia hasa kinywani mwa askari na polisi.

Baada ya uhuru majeshi yalibadili majina. Tanganyika Rifles ilivunjwa baada ya maasi ya Januari, 1964, na Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba mwaka huo; lakini neno afande lilibaki. Lilibaki Uganda pia, ambako Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka wa 1946, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973. Mwisho wa Oktoba, 1978, majeshi yake yalivuka mpaka, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Afande aliitwa afande ng'ambo zote mbili za mto Kagera. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilitekwa na Watanzania pamoja na Waganda waliotoka uhamishoni, na waliomfukuza Amin nao walisema Kiswahili.

Yafaa wanaoisifu lugha kuwa chombo cha umoja waukumbuke mfano huu. Lugha ya amri huwawezesha watu wengi kutii neno moja, haiwachagulii adui. Mwaka wa 2005 Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Sheria hiyo yaweza kukipa cheo, bali heshima yake itatoka shuleni, sokoni na nyumbani, mahali ambapo neno huombwa lijibiwe, wala si litiiwe tu.