Amiri Jeshi Mkuu wa Kenya

Amiri Jeshi Mkuu ni cheo ambacho Kifungu cha 131 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa Rais wa Kenya, ambaye pia anashika mamlaka ya utendaji, yaani uwezo wa kutekeleza sheria na kuendesha serikali, kutoka Ikulu ya Nairobi. Majeshi ya Ulinzi anayoyaamuru, yaani Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji, yana makao yao makuu Ulinzi House, mtaani Hurlingham.

Uzito wa cheo hiki uko kwenye mipaka ya mamlaka ya Rais juu ya majeshi, hasa katika nchi ambayo tarehe 1 Agosti 1982 askari wa kikosi cha anga waliteka kituo cha Sauti ya Kenya katikati ya jiji la Nairobi wakijaribu kuipindua serikali. Kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Taifa kabla wanajeshi hawajatumwa kutuliza ghasia, ilhali wakati wa dharura au maafa Bunge huarifiwa tu. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia majengo ya Bunge, waziri wa ulinzi alitangaza kwamba jeshi lingewasaidia polisi, na idhini ya wabunge ikafuata kesho yake. Chama cha Mawakili kilipolalamika, Mahakama Kuu iliwaacha askari waendelee lakini ikaitaka serikali ibainishe maeneo na muda wa kazi yao.