Samaki wa baharini sebuleni: historia ya kujifunza nani akae na nani

Tangi la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wa rangi limekuwa pambo linaloonekana katika sebule nyingi, kuanzia Muscat na Dubai hadi London na Chicago. Wengi wa samaki hao hawakuzaliwa humo. Walikamatwa mmoja mmoja kwenye miamba ya matumbawe ya bahari za joto, ikiwemo pwani ya Kenya, kisha wakasafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki. Baadhi yao hufa majuma machache tu baada ya kufika, si kwa maradhi wala kwa njaa, bali kwa sababu wamewekwa pamoja na jirani ambaye hawawezi kuishi naye.

Makala haya yanaangalia jinsi binadamu alivyojifunza, kwa muda wa karibu miaka 200, kuchagua viumbe wanaoweza kukaa pamoja ndani ya maji machache, na gharama iliyolipwa na bahari kwa ajili ya somo hilo.

Mwanzo wa tangi la kioo

Mnamo mwaka 1832, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanamke wa Kifaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze kiumbe mmoja wa jamii ya pweza anayeishi ndani ya kombe jembamba. Wataalamu walikuwa wakibishana iwapo mnyama huyo hulijenga kombe lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Kwa kumtazama akiwa hai, Bibi Villepreux-Power alithibitisha kwamba hulijenga mwenyewe.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1846, Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka mji wa pwani wa Torquay na kuyapeleka nyumbani kwake London. Mji huo haukuwa na bahari, na maji ya bahari yakisimama huchina upesi. Ilimbidi mtumishi wake ayamimine maji hayo kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, ili yapate hewa. Matumbawe yaliishi.

Jibu la kudumu zaidi lilitoka kwa mwanakemia Robert Warington, aliyetangaza matokeo ya jaribio lake mwaka 1850. Aliweka samaki wawili wadogo wa maji baridi pamoja na mmea wa majini. Mmea uliwapa samaki hewa, lakini majani yake yaliyokufa yakaanza kuoza na kuchafua maji. Warington akaongeza konokono, nao wakayala yale yaliyooza. Maji yakatakata. Hapo ndipo lilipopatikana somo la kwanza, kwamba kiumbe huchaguliwa kwa kazi anayoifanya mbele ya wenzake, na si kwa uzuri wake pekee.

Pwani zilizokwanguliwa

Mambo mawili yaliifanya elimu hiyo iingie majumbani. Kwanza, kodi ya kioo ilifutwa nchini Uingereza mwaka 1845 na bei ya kioo ikashuka. Pili, mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Familia za kati zilishikwa na hamu kubwa. Watu walishuka kwenye pwani za Uingereza na ndoo na patasi, wakabeba anemoni, kaa, konokono na kamba, wakawatia wote ndani ya chombo kimoja. Kaa hajui kwamba jirani yake ni pambo, kwake jirani ni kitoweo.

Mwaka 1907, Edmund Gosse, mwana wa mtaalamu huyo, aliandika kwa uchungu kwamba vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwanguliwa na jeshi la wakusanyaji, na kwamba vitabu vya baba yake vilichangia. Hilo ni mojawapo ya maonyo ya mapema kuhusu hobi hii, na lilitoka ndani ya nyumba ya mtu aliyeieneza.

Wafanyakazi wasioonekana

Wafugaji wa karne ya 19 waliamini kwamba mimea na wanyama wakilingana, maji yatajisafisha. Katika maji ya chumvi imani hiyo mara nyingi iliwaangusha. Sababu ilieleweka vizuri zaidi baada ya mwaka 1890, pale mwanasayansi wa Kirusi Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Samaki hutoa amonia kila anapopumua na kujisaidia. Amonia humuua, nitriti nayo ina madhara, lakini nitrati huvumilika kwa kiwango cha chini.

Bakteria hao hawazaliwi kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji majuma kadhaa, mara nyingi manne hadi sita, kabla ya kuwahimili samaki. Ndiyo maana mtu anayenunua tangi na samaki siku ile ile huwanunulia samaki wake kifo.

Mwaka 1961, mfugaji Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza njia nyepesi ajabu: mawe hai yaliyotolewa baharini, maji ya bahari na mapovu machache ya hewa. Ndani ya vitundu vya mawe hayo mlikuwa na bakteria na vijidudu vilivyofanya kazi yote. Ilipita miaka mingi kabla ya wafugaji wa Ulaya na Marekani kuipokea njia hiyo, ambayo leo ni ya kawaida.

Kwa nini wanagombana?

Safari za ndege zilipoongezeka baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, samaki wa matumbawe walianza kufika kwa wingi katika nchi za baridi. Ndipo swali la nani akae na nani lilipokuwa gumu. Samaki walioonekana baharini wakiogelea kwa amani waliuana walipotiwa katika tangi moja.

Mmoja wa waliolitafakari swali hilo ni Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 na ambaye jina lake linabeba pia doa la uanachama wake katika chama cha Nazi. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1963 kuhusu uchokozi, Lorenz alianza na samaki wa matumbawe. Baharini na katika matangi yake aliona kwamba samaki hushambulia zaidi wa jinsi yake kuliko wa jinsi nyingine. Maelezo yake ni kwamba samaki wa jinsi moja hutaka chakula kile kile na pango lile lile. Ni kama sokoni: muuza kahawa hana ugomvi na fundi cherehani aliye mlango wa pili, lakini muuza kahawa wa pili akitandika birika lake papo hapo, maneno yataanza. Baharini mshindwa hukimbia. Katika tangi la urefu wa mita moja na robo hana pa kukimbilia, na mshindi huendelea kumfuata.

Lorenz aliamini pia kwamba rangi kali ni bendera ya mchokozi. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba rangi zina kazi nyingi, na wapo samaki wenye rangi kali wanaoishi kwa makundi. Hata hivyo, kiini cha hoja yake kimebaki kuwa kanuni ya wafugaji: usiweke wawili wanaofanana kwa umbo, chakula na makao, isipokuwa wale ambao kwa asili yao huishi jozi au kundi.

Mfano wa jozi ni samaki wa anemoni, ambao filamu ya mwaka 2003 iliwafanya wajulikane na watoto duniani kote. Mwaka 1977, Hans na Simone Fricke walionyesha kwamba samaki hao huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa dume, na mkubwa kuliko wote katika anemoni ndiye hugeuka jike. Kwa hiyo mfugaji anayechukua wadogo wawili wanaotofautiana kwa ukubwa huwapa nafasi ya kuwa jozi. Anayeunganisha majike mawili yaliyokomaa hukaribisha vita.

Tangi la lita 300

Kutokana na historia hiyo, chaguo la tangi la wastani, la lita 300 hivi, linaeleweka. Jozi ya samaki wa anemoni, gobi mmoja anayeishi na kamba katika shimo moja, kitatange mdogo mmoja na wengine wawili watatu wapole wanatosha. Wapole hutangulia kuingia, na mwenye hasira huingia mwisho, ili asikute eneo tupu la kulimiliki. Kila mgeni hutengwa kwanza katika chombo chake kwa majuma kadhaa, kwani ugonjwa wa madoa meupe huweza kuwamaliza wote.

Wapo wasiofaa kwa ukubwa huo wa tangi. Kitatange wa bahari ya Uarabuni, mwenye mwili wa buluu na baka la manjano, huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua hadi sentimita 50. Kangaja wa rangi ya samawati anayepatikana pia Afrika Mashariki hupita sentimita 20, huhitaji mwendo mrefu, na ni mgomvi mashuhuri. Kinyume chake, kitatange mdogo wa Afrika Mashariki, mwenye mgongo wa rangi ya chungwa, hukomea sentimita 8 hivi.

Upande wa wavuvi

Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo ng'ambo kwa miongo kadhaa. Wazamiaji wake kwa kawaida hutumia nyavu ndogo za mkono. Kwingineko, hasa Ufilipino kuanzia miaka ya 1960, ilizuka tabia ya kunyunyiza sumu ya sianidi ili kumlewesha samaki, sumu ambayo huua matumbawe na mara nyingi humuua samaki huyo siku chache baada ya kuuzwa. Miamba ya Bahari ya Hindi magharibi ina majeraha yake pia: joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe yake.

Miongoni mwa samaki wanaotoka Kenya yumo msafishaji, yule mdogo anayewala wadudu walio kwenye ngozi za wenzake. Katika tangi la nyumbani wadudu hao ni wachache, naye mara nyingi hufa njaa. Nchini Australia, watafiti waliowaondoa wasafishaji kwenye vijiwe vya matumbawe kwa zaidi ya miaka minane waliona idadi na aina za samaki wengine zikipungua. Kumnunua, basi, ni hasara ya pande mbili.

Kuna nafuu. Samaki wa anemoni walianza kuzalishwa kwa biashara miaka ya 1970, na leo mnunuzi anaweza kumpata aliyezaliwa katika tangi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifaulu kumkuza kangaja wa buluu tangu yai. Hata hivyo, jinsi nyingi za samaki wa chumvi wanaouzwa bado hutolewa baharini.

Na makosa ya kuchagua hayaishii sebuleni. Mwaka 1985 samaki simba, mwenye miiba ya sumu na asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana katika maji ya Florida. Wataalamu wengi wanaamini kwamba chanzo ni wafugaji waliomwachilia baada ya kuwashinda. Sasa ameenea kutoka pwani ya Marekani hadi Brazil, akila samaki wachanga wa huko wasiomjua. Kwa sababu hiyo wataalamu humshauri mfugaji aulize maswali matatu kabla ya kulipa: samaki huyu ametoka wapi na amekamatwaje, atakuwa na ukubwa gani akikomaa, na akishindwa kuishi na wenzake, nani atampokea? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hastahili fedha yake, na jibu la swali la tatu kamwe lisiwe bahari iliyo karibu.