The Lion King 1½: Kisa cha mfalme kinaposimuliwa na wanyonge

FILAMU ya katuni ya The Lion King 1½ ilitolewa na kampuni ya Disney nchini Marekani mnamo Februari 10, 2004, moja kwa moja katika kanda za video na DVD bila kupitia kumbi za sinema. Ni ya tatu kutolewa katika mfululizo ulioanza na The Lion King mwaka wa 1994, kisha ukaendelea na The Lion King II: Simba’s Pride mwaka wa 1998. Iliongozwa na Bradley Raymond. Katika baadhi ya nchi iliuzwa kwa jina The Lion King 3: Hakuna Matata.

Nambari hiyo ya moja na nusu ina maana yake. Filamu haiendelezi kisa pale kilipokomea. Inakirudia kisa cha kwanza, ila msimulizi amebadilika. Wanaosimulia sasa ni Timon, mnyama mdogo wa jamii ya nguchiro, na Pumbaa, ngiri mwenye moyo mwema. Wawili hao wameketi ukumbini wakitazama filamu ya kwanza, huku waking’ang’ania rimoti ili kuisimamisha na kuieleza wapendavyo.

Wazo lenyewe lina mizizi katika fasihi. Filamu ya 1994 ilichota mengi kutoka kwa Hamlet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwana wa mfalme aliyeuawa na nduguye. Mwaka wa 1966, tamthilia ya Tom Stoppard, Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, iliigizwa kwa mara ya kwanza mjini Edinburgh. Ilikitazama kisa cha Hamlet kwa macho ya wahusika wawili wadogo. Filamu hii ilimfanyia Simba vivyo hivyo.

Timon anaishi na wenzake katika mashimo, wakichimba mchana kutwa kwa hofu ya kuliwa na fisi. Anapopewa zamu ya ulinzi anazembea, fisi wanavamia, na baada ya aibu hiyo anafunga safari kutafuta makao bora. Njiani anakutana na Rafiki, anayemfunza falsafa ya hakuna matata, kisha na Pumbaa, asiye na mwenzi.

Kuanzia hapo, matukio makuu ya filamu ya kwanza yanapata maelezo mapya. Wanyama wanapomsujudia mtoto Simba, mtazamaji wa 1994 aliona heshima kwa kiti cha enzi. Sasa anaambiwa kuwa Pumbaa alitoa upepo wenye harufu kali, waliokuwa karibu wakazirai, na wengine wakadhani wanainama, nao wakafuata. Mbio za nyumbu, zilizomuua Mufasa, hapa ni janga linalowakumba wapita njia wawili wasiojua lolote kuhusu njama za ikulu.

Chini ya mzaha huo kuna hoja nzito. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Simba anapigania urithi wa babake, lakini jamaa za Timon wanataka tu kuishi bila kuliwa. Katika vita vya mwisho, mamake Timon na mjomba Max wanachimba mahandaki yanayowameza fisi. Kwa masimulizi haya, ushindi wa mfalme ulitegemea jasho la wachimbaji ambao historia ya kwanza haikuwataja kabisa.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina gharama. Kifo cha Mufasa, ambacho ndicho kiini cha huzuni ya filamu ya kwanza, hakionyeshwi. Asiyeitazama ile ya 1994 hataelewa utani mwingi wa hii, wala hataonja uchungu uliofichwa nyuma yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kuna jambo jingine linalostahili kutazamwa, nalo ni majina. Simba na Rafiki hayahitaji ufafanuzi. Sarabi, mamake Simba, ni neno la mazigazi. Pumbaa linatokana na kitenzi cha kuduwaa au kufanya upumbavu. Lakini kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi, tusi ambalo wakoloni walizoea kuwatupia Waafrika. Timon si jina la Kiswahili, na mnyama wa aina yake haishi Kenya bali katika maeneo makavu ya kusini mwa Afrika, ingawa wasanii wa filamu ya kwanza walizuru mbuga ya Hell’s Gate, karibu na Naivasha, mwaka wa 1991 ili kujifunza mandhari.

Maneno hakuna matata nayo yalizua mzozo. Disney iliyasajili nchini Marekani mwaka wa 2003 kuwa alama ya biashara kwenye mavazi. Mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga hatua hiyo. Wakenya walikuwa wakiyasikia katika wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms tangu 1982, miaka 12 kabla ya Simba wa Disney kuzaliwa.

Hapo ndipo upungufu wa filamu hii unapoonekana. Ilimpa mnyonge mmoja nafasi ya kusimulia, ikawaacha fisi, wanaolalamikia njaa tangu filamu ya kwanza, wakibaki wajinga wa kuchekwa. Mageuzi yalikuja baadaye katika The Lion Guard, mfululizo wa runinga ulioanza mwaka wa 2016, ambamo fisi jike mwema anajitetea yeye na jamii yake. Jina lake si tusi tena. Anaitwa Jasiri.