Vitamini D3 iliyozidi na kuganda kwa kalsiamu kwenye tishu za nguruwe

Kuganda kwa kalsiamu kwenye tishu ni hali ya chumvi za kalsiamu na fosfeti kujijenga ndani ya figo, mapafu, utando wa tumbo, moyo na mishipa mikubwa ya damu, mahali zisipotakiwa kabisa. Kwa nguruwe, vitamini D3 iliyozidi katika chakula ni chanzo kinachojulikana sana.

Nguruwe anayepata jua hujitengenezea vitamini hii kwenye ngozi. Anayefungiwa bandani hutegemea chakula. Ini huigeuza kuwa kalsidioli, kisha figo huitoa ikiwa kalsitrioli, homoni inayouchochea utumbo kufyonza kalsiamu na fosfeti. Figo hujizuia vizuri, ini si sana. D3 ikizidi, kalsidioli hufurika katika damu na kuanza kufanya kazi ya kalsitrioli.

Mwongozo wa 2012 wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani unataja vizio vya kimataifa (IU) 800 vya vitamini D kwa kilo ya chakula cha jike wa kuzalisha, na 150 kwa anayekuzwa kwa nyama. Mwaka 1987 baraza hilo liliweka kikomo cha IU 2,200 kwa ulishaji unaozidi siku 60. Hatari kubwa iko kwenye mizani. D3 ya viwandani yenye IU 500,000 kwa gramu ikitumika, tani nzima ya chakula cha jike huhitaji gramu 1.6 tu. Nukta ya desimali ikihama nafasi mbili, zikapimwa gramu 160, kila kilo hubeba IU 80,000. D3 ya namna hiyo haifai hata kidogo kupimwa shambani; inunuliwe ikiwa ndani ya premiksi, yaani mchanganyiko wa virutubisho uliokwisha kutayarishwa.

Mnyama hususa chakula, hutapika, huhara na kuhema kwa shida. Wengine hufa ndani ya siku chache. Mzoga ukipasuliwa, tumbo huonekana limevilia damu na mapafu ni mazito. Kisu kikipita kwenye figo hukwaruza kana kwamba kinakata mchanga. Kipande kikitiwa rangi ya von Kossa, penye fosfeti huwa peusi. Uchunguzi huu peke yake hautoshi, kwani hata tishu iliyokufa huweza kuganda kalsiamu ilhali ile ya damu ni ya kawaida.

Chakula kiondolewe mara moja na kalsiamu ipunguzwe. Nafuu huchelewa, kwa kuwa vitamini hii hukaa katika mafuta ya mwili, na figo zilizokwisha kuharibika huenda zisirudi hali yake. Sampuli ya chakula ichukuliwe kabla gunia halijaisha.