Tarehe ya Mstari na Tao Mgeta

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, miaka miwili baada ya kazi kuanza Dar es Salaam. Pamoja na mataruma ilileta fundi wa aina mpya, mpima. Pale njia nyoofu ilipoishia alisimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, akaigeuza nyuzi chache, akaagiza mnyororo uvutwe, kigingi kikapigwa. Akageuza tena kiasi kilekile, mnyororo urefu uleule, kigingi cha pili. Kona ya reli ilitoka hivyo: vipande vifupi vilivyonyooka, vikizunguka kitovu ambacho hakuna aliyekikanyaga kwa sababu kilikuwa mbali porini. Tao likishapimwa ardhini ni mistari mingi midogo iliyokubaliana. Jambo hilo tulishike, maana tarehe yote inayofuata imejengwa juu yake.

Huko milimani hakukuwa na mnyororo. Mgeta iko ubavu wa magharibi wa milima ya Uluguru. Unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mzumbe na Mlali, kisha unaanza kupanda kwenda Langali, Nyandira na Tchenzema. Waluguru wa huko walikuwa na mistari yao tangu zamani. Magugu na mabua waliyalaza kwa safu zinazokata mteremko, wakayafukia kwa udongo uliokwanguliwa kutoka juu, wakapanda hapo. Ukiwa ng'ambo ya bonde unaona shamba lote ni ngazi. Safu hizo hazikupimwa na chombo chochote. Mkulima alizisoma kwa mguu, na mvua ya kwanza ikamsahihisha: palipotuama maji ni chini, palipokimbia maji ni juu, jembe linarudi kurekebisha. Hakuna safu iliyonyooka hata moja, kwa kuwa mlima wenyewe haujanyooka.

Mwaka 1950 ulikuja mstari wa serikali. Waingereza walianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, wakiogopa kwamba mmomonyoko ungeharibu mito inayoulisha mto Ruvu. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya benchi. Mlima unakatwa hatua kwa hatua, kila hatua ni sakafu tambarare yenye ukuta wa udongo nyuma yake. Kazi ilikuwa ya lazima, na mkaidi alipelekwa barazani akatozwa faini. Upande wa mashariki, Matombo, udongo mzuri ni tabaka jembamba. Ukichimba sakafu ya benchi unaufukia, unaleta juu udongo usioota kitu. Mtu anachimba msimu mzima ili avune kidogo kuliko mwaka jana! Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa mwaka huohuo, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, kikavuna wafuasi wengi.

Habari za Matombo zimeandikwa sana. Ile ya Mgeta husahaulika, nami naona ina mafunzo zaidi kwa fundi. Mgeta matuta ya benchi hayakufa yote. Yalibaki pale palipokuwa na maji ya mfereji na mboga za kuuza. Kabichi, karoti, njegere na viazi vilivyoteremshwa mjini na hadi Dar es Salaam vililipa jasho la kuchimba. Mkulima alibaki na benchi lake, lakini alilipindisha. Palipokuwa pamepigwa kamba moja kwa moja, mwenye shamba alizungusha ukingo kufuata kigongo, akaingiza ndani kwenye korongo, akapanda majani kuushika. Mbuzi wa maziwa kutoka Norway walipoletwa Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980, majani ya kingo hizo yakapata mlaji wa heshima.

Kwa nini kamba iliyonyooka haifai? Tufanye hesabu, haina ugumu. Chukua kigongo ambacho kontua yake, yaani mstari unaounganisha mahali penye kimo kimoja, ni tao lenye nusu kipenyo cha mita 50. Vuta kamba ya mita 20 kutoka nukta moja ya kontua hadi nyingine. Katikati, kamba imeachana na kontua kwa mita 1 hivi. Penye mteremko wa asilimia 50, ambapo kila mita 2 za kwenda mbele zinakushusha mita 1, kuachana huko ni nusu mita ya kimo. Kwenye kigongo, katikati ya kamba panakuwa juu na maji yanakimbilia ncha mbili. Kwenye korongo ni kinyume chake: katikati panakuwa chini, maji ya tuta zima yanakusanyika hapo, yanajaa, yanavunja. Tuta la juu likivunjika, la chini yake linapokea maji ya matuta mawili, na la tatu linapokea ya matatu. Nusu mita ya uvivu wa mchoraji inafika bondeni ikiwa mawe na tope.

Tarehe 23 Februari 1970 mlima ulitoa hesabu yake wenyewe. Mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiofika saa tatu, na miteremko ikaachia mamia kwa mamia ya maporomoko madogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, waliyachora moja moja kwenye ramani na kutoa matokeo mwaka 1972. Karibu yote yalitokea mashambani na kwenye majani. Msituni yalikuwa machache mno. Ramani hizo zilichorwa kwa mkono.

Ofisi za michoro za wakati ule zilikuwa hivyo nchini kote. Kwa mstari kulikuwa na rula. Kwa tao dogo kulikuwa na bikari. Tao kubwa, la nusu kipenyo cha mita mia kadhaa, hata likipunguzwa kwenye karatasi kitovu chake kinaweza kuangukia nje ya meza, kwa hiyo mchoraji alikuwa na sanduku la vibao vilivyopinda, kila kimoja na mpindo wake, akichagua kinacholala vizuri juu ya nukta za mpima. Wino ukimwagika, kazi ya siku inakwanguliwa kwa wembe.

Tayari, mbali na Uluguru, mstari ulikuwa umeanza kuhamia kwenye kompyuta. Mwaka 1962 Jack Bresenham, mfanyakazi wa IBM, alipata namna ya kuiamuru kalamu ya mashine ichore mstari wa mshazari kwa kujumlisha na kutoa namba nzima tu, hatua moja baada ya nyingine, kila mara ikijiuliza: niende pembeni au pembeni na juu? Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha MIT tasnifu yake juu ya Sketchpad. Alishika kalamu ya mwanga, akagusa kioo cha kompyuta iitwayo TX-2, akavuta mistari na matao. Ajabu zaidi ilikuwa masharti: unachora ovyo, kisha unaiambia mashine mistari hii miwili iwe sambamba, nayo inajinyoosha. Desemba 1982 ikatoka AutoCAD, programu iliyoingia kwenye kompyuta ndogo za mezani, na kwa miaka iliyofuata ikaziondoa meza za kuchorea katika ofisi za wahandisi na wapima duniani, zetu zikiwemo.

Anayeanza kujifunza programu hizi hugundua jambo siku ya kwanza. Mstari unadai kubofya mara mbili, mwanzo na mwisho, basi. Tao halikubali. Kati ya nukta mbili matao yasiyo na idadi yanaweza kupita, mengine yamejikunja sana, mengine yamenyooka karibu sawa na kamba. Kwa hiyo programu inasimama, inasubiri: nipe nukta ya tatu, au nipe kitovu, au nipe nusu kipenyo. Ukitoa nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, duara linalopita zote ni moja tu, na tao lako limepatikana. Katika AutoCAD, ukiwa unavuta mstari wa vipande unaandika A na kipande kinachofuata kinakuwa tao, tena linaanza likiendeleza uelekeo wa mstari uliotangulia bila kuvunjika. Kona ya barabara huchorwa hivyo, na Fuso lililopakia kabichi likishuka kutoka Nyandira linajua, na utingo wake anajua zaidi, kona ipi ilichorwa na ipi ilitokea tu. SketchUp, programu nyingine ya kuchorea, haifichi siri ya mpima wa reli: tao lake la kawaida ni vipande 12 vilivyonyooka. Ukikuza picha utaviona.

Mgeta chombo kinacholeta nukta hizo ni rahisi kupita vyote. Fremu ya A hutengenezwa kwa miti mitatu: miwili mirefu, sawa kwa urefu, imefungwa kileleni na kutanuliwa miguu hadi mita 2 hivi, na wa tatu unalazwa katikati. Kileleni unaning'inia uzi wenye jiwe. Uzi ukigusa alama ya katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko kimo kimoja. Unapiga kigingi kwenye mguu wa nyuma, unauacha hapo, unauzungusha wa mbele juu na chini ya mteremko mpaka uzi utulie kwenye alama, unapiga kigingi, unaendelea. Tazama mguu ule unavyozunguka: ni bikari inayotembea. Kila hatua ni tao lenye nusu kipenyo cha mita 2, na mahali tao hilo linapokutana na kontua ndipo kigingi kinapoingia. Mwisho wa safu mtu mmoja anarudi nyuma, anaangalia vigingi vyote, anasogeza kimoja juu kidogo na kingine chini ili mpindo uwe laini. Mchoraji wa kompyuta akilainisha kontua kwenye kioo anafanya kazi hiyohiyo.

Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Njia yake imechorwa kwa kompyuta na kona zake ni pana, kwa kuwa gari la kilomita 160 kwa saa halivumilii tao lililojikunja. Tambarare inaruhusu anasa hiyo. Milimani bado mipaka ya mashamba, mifereji na barabara za vijiji inachorwa na vijana wenye kompyuta mpakato, wengi wao hodari, na wengi wao wakifanya kazi kutokana na nukta mbili mbili walizoletewa kwa simu. Mstari unatoka safi sana kwenye karatasi. Ni kamba ileile iliyonyooka, imepigwa wino mzuri zaidi.

Rai yangu kwa anayepewa kazi ya mfereji, tuta au barabara ya Mgeta ni fupi. Usipokee nukta mbili. Dai ya tatu, iliyochukuliwa katikati, kwenye kigongo na kwenye korongo, na ikiwa mteja hana, panda naye ukaipime. Miti mitatu ya fremu inapatikana hukohuko, na uzi hauzidi bei ya chapati.